Njoo na Swali: Kuomba Nafasi ya Uzamivu katika Kinga ya Mwili na Saratani

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na wataalamu wa maabara, Moshi. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wataalamu wenzangu wa maabara, wanafunzi wa shahada ya uzamili, na ninyi wazazi mliowasindikiza vijana wenu siku ya mapumziko, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuniita.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba nafasi ya utafiti wa shahada ya uzamivu katika elimu ya kinga ya mwili dhidi ya saratani. Nilipopokea mwaliko niliwauliza waandaaji: mnataka niwafundishe vijana kujaza fomu, au niwafundishe kuomba? Hayo ni mambo mawili. Fomu hujazwa jioni moja ukiwa na vyeti vyako mezani. Kuomba huanza miezi mingi kabla ya fomu kufunguliwa, tena huanzia mahali ambapo wengi wenu hamjafikiria kutazama: kwenye meza ya maabara unayofanyia kazi leo, na kwenye wodi unayoipita kila asubuhi ukibeba kikapu cha chupa za damu.

Ninalo neno moja tu, nami nitalirudia mpaka mlichoke. Nafasi ya uzamivu huombwa kwa swali. Haiombwi kwa shida zetu, ingawa shida zetu ni za kweli. Haiombwi kwa alama peke yake, ingawa alama zinahesabiwa. Huombwa kwa swali.

Tuanze na taaluma yenyewe, maana ndani yake mtaona kwa nini nasema hivyo. Kwa miaka mingi saratani ilikabiliwa kwa kisu, kwa mionzi na kwa dawa za kemikali. Wakati huohuo wapo waliojiuliza: mwili wenye askari wanaoweza kumtambua mdudu mmoja wa kifua kikuu, mbona unauacha uvimbe ukue mpaka ufike ukubwa wa chungwa? James Allison nchini Marekani hakuanza kwa kutafuta dawa ya saratani. Alianza kwa kuuliza seli T, ambazo ni baadhi ya askari hao wa mwili, huwashwa na nini na huzimwa na nini. Katika kulifuata swali hilo, yeye na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba ukiizuia breki moja iliyo juu ya seli hizo, iitwayo CTLA-4, panya wenye uvimbe hupona. Kule Kyoto, Tasuku Honjo na wenzake walikuwa wamekwisha kuitambua breki nyingine, PD-1, mwaka 1992, na kazi yake ikaja kueleweka taratibu miaka iliyofuata. Dawa ya kwanza ya kufungua breki hizo ilikubaliwa Marekani mwaka 2011 kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi aina ya melanoma, na mwaka 2018 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Hesabuni miaka iliyopita kati ya swali na dawa. Anayeomba uzamivu anaomba kuingia katika safari ya urefu huo, kwa hiyo msimamizi anayepokea barua yako anajiuliza jambo moja: huyu analo swali la kumvusha miaka minne ya majaribio yanayoshindikana?

Sasa naomba niwarudishe jirani, Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya, pande zote mbili, juu na chini. Hakuielewa hali ile. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake kwenye majani, uso umevimba vilevile. Angeweza kupita. Alitoka nje, akamchunguza, akagundua uvimbe tumboni pia. Hapo ndipo alipoanza kuzipekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo inabeba jina lake. Mwaka 1961 alikwenda London akatoa mhadhara. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye alipomsikia akieleza kwamba ugonjwa huo unafuata joto na mvua alihisi kwamba huenda kuna kirusi nyuma yake. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili hawakupata kitu. Halafu, mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu ikalazimika kutua Manchester. Sampuli ilifika maabara imechelewa, na maji yaliyomo ndani ya chupa yalikuwa yametibuka. Nawauliza wataalamu wa maabara waliomo humu: chupa imechelewa, maji yamechafuka, unafanya nini? Semeni ukweli. Unaandika "imeharibika", unatupa. Kila kanuni tuliyofundishwa inasema hivyo. Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini kabla ya kutupa. Hakuona bakteria. Aliona seli za saratani zilizojitenga na kipande, zikielea moja moja, hai. Kwa kuwa zilikuwa zimeachana, ziliweza kukuzwa, na katika seli hizo zilizokuzwa ndimo kirusi kilipoonekana kwa hadubini ya elektroni mapema mwaka 1964. Tunakiita kirusi cha Epstein-Barr.

Barr ni nani? Wengi hulitamka jina hilo wakidhani ni la profesa mwingine mwenye mvi. Yvonne Barr alikuwa msaidizi wa utafiti katika maabara ile, akishughulika na ukuzaji wa seli. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha London mwaka 1966, miaka miwili baada ya jina lake kuchapishwa pamoja na Epstein na Bert Achong. Nawaambia haya ninyi mlio wasaidizi wa utafiti, ninyi ambao mkiulizwa kazi yenu mnajibu kwa sauti ya chini, "mimi nipo tu maabara". Upo maabara. Basi tazama kilichomo ndani ya chupa.

Swali la Burkitt halikuishia London. Kirusi hicho kimewaambukiza watu wengi mno duniani, na wengi wao hawaugui saratani. Kwa nini basi watoto wa maeneo yetu ya malaria? Watafiti walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, na watoto wa Nandi kule milimani. Wakaona kwamba watoto wa Kisumu wa miaka 5 hadi 9 walikuwa na mwitikio hafifu zaidi wa seli T dhidi ya kirusi hicho. Umri huo ndio hasa ambao uvimbe wa taya huwashika watoto wengi. Tazameni uzuri wa utafiti huo: kinga ya mwili, maambukizi na saratani vimekutana katika swali moja, na swali lenyewe lisingeweza kuulizwa na mtu asiyejua kwamba kati ya Kisumu na Nandi kuna safari fupi ya gari na tofauti kubwa ya mbu.

Na ninyi je? Mmekaa juu ya maswali mangapi? Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi inayokaribia mara sita ya wanawake wengine, na mnawaona kliniki kila wiki. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, nchi nzima mwaka 2018; wasichana wa miaka 14 waliochanjwa mwaka ule sasa ni watu wazima. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, inaiandama mashariki ya Afrika, na kule Bomet, Kenya, imewaandama hata watu wasiotimiza miaka 30, bila mtu kuweza kusema kwa uhakika sababu ni nini. Mtu akiniambia kwamba hana swali, namwomba aniambie jana alifanya nini tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kwa kawaida hatufiki saa sita kabla swali halijajitokeza.

Ndugu zangu, nije sasa kwenye barua, na hapa nitakaa.

Barua yangu ya kwanza niliiandika nikiwa fundi sanifu wa maabara, na ilianza hivi: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii na kiu kubwa ya elimu, kutoka familia yenye kipato kidogo. Ninaomba nafasi yoyote katika maabara yako ya heshima." Nikaituma kwa maprofesa sitini na watatu, nikibadilisha jina juu tu. Walionijibu ni wawili, na wote wawili walinitakia heri.

Kila neno katika barua ile lilikuwa la kweli. Bidii ilikuwepo, kiu ilikuwepo, na kipato cha nyumbani kilikuwa kidogo kweli. Ila tazameni neno moja: "yoyote". Kwetu neno hilo ni la adabu. Mgeni haulizi atalala chumba gani, hushukuru kwa chochote anachopewa. Lakini mtu wa maabara akisoma "nafasi yoyote" anasikia kwamba mwandishi hajui maabara hii inatafuta nini. Ni kama mtu aende kwa fundi seremala aseme nitengenezee kitu chochote. Fundi hana pa kuanzia, ingawa mteja ameongea kwa heshima.

Ilinichukua mwaka mzima kuandika barua ya pili, na katika mwaka huo sikuandika chochote kwa profesa yeyote. Nilikuwa nikichakata damu. Nataka niwaoneshe ilivyokuwa, maana barua ilitoka humo. Damu ya wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi ilikuja kutoka kliniki kadhaa. Iliyotoka karibu ilifika ikiwa na uvuguvugu wa mkono. Iliyotoka mbali ilifika jioni, au kesho yake. Unaichanganya na maji ya chumvi, unaimimina taratibu juu ya ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, bomba umelilaza, pumzi umeibana, ili tabaka mbili zisivurugane. Unaweka kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, breki yake umeizima. Ikisimama, juu unaona plazma ya manjano, chini kabisa seli nyekundu, na katikati utaji mweupe mwembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Humo ndimo zilimo seli T. Sasa, damu iliyowahi ilinipa utaji safi. Damu iliyochelewa ilinipa utaji mzito wenye wekundu, umechanganyika na granulosaiti, seli nyeupe za aina nyingine ambazo hazikupaswa kuwa hapo, na seli T zake nilipozichochea zilijibu kwa ulegevu. Nilianza kuandika saa ya kila chupa: imetolewa saa ngapi, imefika saa ngapi, imeingia kwenye sentrifuji saa ngapi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kujua.

Barua ya pili nilimwandikia mtu mmoja. Nitawasomea sehemu yake ya katikati, kwa Kiswahili: "Katika makala yenu mmeeleza kwamba seli T za wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi zimechoka. Katika maabara yetu nimeona kwamba damu ya wagonjwa hao ikikaa kutwa nzima njiani, seli T zake huonekana zimechoka zaidi kuliko za damu iliyowahi, ingawa wagonjwa wako katika hatua ileile ya ugonjwa. Ningependa kujua mlitenganisha vipi uchovu unaoletwa na saratani na uchovu unaoletwa na safari ya chupa. Nimeambatisha jedwali la saa nilizoziandika." Basi. Juu ya hapo palikuwa na aya moja ya kueleza mimi ni nani na nina shahada gani. Chini yake aya moja ya kusema kwamba nimeona tangazo la nafasi katika maabara yao, namba ya tangazo, na kwamba nitaomba. Alinijibu siku ya tatu. Hakunipa nafasi katika jibu lile; aliniuliza maswali mawili juu ya jedwali, na swali la pili lilinishinda, nikamwambia limenishinda na nitalifanyia kazi. Nafasi ilikuja baadaye, kupitia usaili kama wenzangu wote.

Mnaona tofauti? Mwandishi ni yuleyule, familia ileile, vyeti vilevile. Kilichoongezeka ni swali.

Msije mkainakili barua hiyo. Nasema kwa upendo kabisa: swali la chupa iliyochelewa lilikuwa langu kwa sababu chupa zilikuwa mikononi mwangu. Lako liko mikononi mwako.

Kuhusu mifumo ya nchi nitapita haraka, kwa kuwa habari hizo zinapatikana. Uswidi, Uholanzi na Norway, nafasi ya uzamivu kwa kawaida ni ajira: ina tangazo, mkataba na mshahara, na Uswidi hulipi ada. Ujerumani ni hivyo kwa sehemu kubwa, ingawa mkataba mara nyingi ni wa sehemu ya mshahara kamili, na taasisi kubwa kama DKFZ, kituo cha utafiti wa saratani cha Heidelberg, zina mchujo wa pamoja wa waombaji. Marekani unaomba programu kwanza, unazungukia maabara kadhaa mwaka wa kwanza ndipo unachagua, na milango mingi hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie barani Ulaya hupokea watu wa uraia wowote, kwa sharti kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa hiyo aliyekaa hapa nyumbani ana sifa hiyo tayari. Ipo pia njia ya kujiandikisha chuo cha hapa na kufanya sehemu ya kazi nje, na kwa mtu mwenye familia naiona njia hiyo kuwa ya heshima kubwa. Na msidhani kwamba lazima mvuke bahari. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, inafanya utafiti huu pamoja na wenzao wa Fred Hutch, kituo cha saratani cha Seattle, Marekani, na majibu ya maswali mengi niliyoyataja yatapatikana kwa watu waliobaki karibu na wagonjwa.

Ada ya maombi ipo kwa baadhi ya vyuo vya Marekani, nanyi mnaweza kuomba msamehewe. Lakini mtu akikuambia nafasi yako ipo tayari, tuma pesa ya mkataba au ya viza kwake, huyo hana maabara. Mwacheni.

Barua za wadhamini. Tunapenda majina makubwa. Tunamfuata mkuu wa idara ambaye amekuona mara mbili, naye kwa wema wake anaandika mistari minne: ni mwanafunzi mzuri, ana nidhamu, nampendekeza. Mmoja wa wadhamini wangu alikuwa mtaalamu mwandamizi wa maabara asiye na uzamivu, mama aliyenifundisha kushika pipeti. Aliandika kwamba usiku mmoja umeme ulipokatika na jenereta ikagoma kuwaka, nilihamisha sampuli zote kutoka friza moja kwenda kwenye tangi la nitrojeni, na asubuhi nikamkabidhi orodha inayoonesha kila kichupa kilikaa dakika ngapi nje ya baridi, vikiwemo viwili ambavyo mimi mwenyewe niliviacha vikayeyuka. Katika usaili waliniuliza juu ya vichupa hivyo viwili. Hawakuniuliza juu ya cheti cha mwanafunzi bora. Mchagueni mtu aliyewaona mkifanya kazi, mwombeni wiki tatu kabla au zaidi, mpeni tangazo na barua yenu, na mumkumbushe kwa adabu.

Sasa usaili, na hapa nitasema jambo lililoniuma.

Kabla ya ile nafasi niliyoipata, niliitwa usaili mahali pengine. Katika wasifu wangu nilikuwa nimeandika "ujuzi wa juu wa flosaitometria". Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku mbili na kubonyeza mashine mara chache chini ya uangalizi. Kwa wazazi waliomo humu: ni mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza, na seli zilizoshikwa na kingamwili zenye rangi hung'aa, hivyo unajua ipi ni ipi. Mama mmoja katika jopo, mpole kabisa, akaniuliza: "Ulipotumia rangi mbili kwa pamoja, ulijuaje kwamba mwanga uliopimwa kwenye kipokezi cha pili haukutoka kwenye rangi ya kwanza?" Nilinyamaza. Jibu ni kwamba rangi hizo humwagikiana mwanga, kwa hiyo lazima uandae seli zilizopakwa rangi moja moja peke yake, upime kiasi kinachomwagika, ndipo ukitoe. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mwezi mmoja hawezi kutojua. Akaniuliza tena: "Na seli zilizokufa mlizitoaje?" Seli zilizokufa hushika kingamwili ovyo, zinakudanganya, ndiyo maana kuna rangi maalumu ya kuzitambua. Hilo nalo sikulijua. Usaili uliendelea kwa dakika ishirini zaidi, lakini mimi na wao tulijua kwamba umekwisha.

Nafasi ile niliipoteza kwa maneno mawili, "wa juu". Laiti ningeandika "nimepata mafunzo ya siku mbili", wangenifundisha. Maabara zinafundisha watu kila mwaka. Zisichoweza ni kumfundisha mtu kusema kweli juu ya kile alichokifanya, kwa sababu matokeo yote ya miaka minne yatategemea neno lake. Akisema seli zilikuwa hai asilimia tisini, nani atarudi kuzihesabu?

Kwa hiyo nawaomba, leo usiku, fungueni wasifu wenu. Kila ujuzi ulioandikwa, uwekeni katika moja ya mafungu matatu: nimeuona ukifanywa, nimeufanya nikisimamiwa, naufanya peke yangu na naweza kueleza mahali unapoharibika. Uandikeni hivyohivyo. Katika usaili uliofuata niliulizwa juu ya kusoma jeni za seli moja moja. Nikasema sijawahi, nimesoma tu makala mbili, na kwamba shaka yangu ingekuwa ni zipi kati ya seli hufa njiani kabla ya kusomwa, maana hilo nimeliona kwenye damu. Tukazungumza juu ya hilo mpaka muda ukaisha.

Jambo la saa, kwa kuwa limewaponza watu. Ukiandikiwa saa 10:00 ya Ujerumani wakati wa baridi, hiyo kwetu ni saa sita mchana. Wakati wa kiangazi wao husogeza saa, ikawa kwetu saa tano. Andika kwenye karatasi kwa saa zetu, ubandike ukutani, ukae mahali penye umeme wa uhakika.

La mwisho ni zito. Nimewasikia vijana wakiahidi sampuli. "Mkinichukua, nitakuja na damu za wagonjwa mia mbili." Ndugu zangu, damu hizo ni za nani? Mwanamke aliyenyoosha mkono kliniki alisaini karatasi yenye maelezo ya utafiti fulani, chini ya kibali fulani. Sampuli haitoki nchini bila kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi na taasisi, nawe si taasisi. Usizibebe damu za watu kama mahari ya kukuingiza katika nyumba ya wengine. Unachoruhusiwa kubeba ni ulichokiona na unachokiuliza. Msimamizi akionekana kuzitaka chupa zaidi ya anavyolitaka swali lako, muulize hapohapo katika usaili: jina la taasisi yetu litakaa wapi kwenye makala, uchambuzi upi utafanyikia kwetu, na wanafunzi wake waliotangulia wako wapi leo? Una haki ya kuuliza. Andika pia kwa mwanafunzi mmoja wa maabara hiyo, faragha, umuulize kama angeichagua tena.

Mwenyekiti amenionesha saa. Nimeambiwa kuna rasimu kumi na moja za barua ndani ya ile bahasha mezani, mlizozileta asubuhi. Nitaanza kuzisoma kwa sauti sasa hivi, moja baada ya nyingine, bila kutaja jina la mwandishi. Ninyi sikilizeni, na kila mmoja anyooshe mkono pale atakapolisikia swali. Tukifika mwisho wa barua bila mkono kunyooka, mwandishi atabaki na mimi baada ya chai, tuitafute hiyo jana yake tangu saa mbili asubuhi. Naomba bahasha.